Kinachoshika ni mbano

Mafundi wengi hapa Mwanza wana imani moja kuhusu bolti: haijakaza mpaka ilie. Wanatia spana, wanachomeka bomba kwenye mpini ili wapate urefu, wanavuta kwa uzito wa mwili mzima, na chuma kikishatoa ule mlio ndipo wanafuta mikono. Ikilegea wiki inayofuata, lawama zote zinaangukia bolti. "Hizi za siku hizi feki." Kuna siku ni kweli. Siku nyingi si kweli, na nimebishana sana juu ya jambo hili kwenye vijiwe vya gereji, mpaka nimeona heri niliandike mahali pamoja ili nikiulizwa tena nimtumie mtu linki nikaendelea na kazi.

Mimi natengeneza mashine za kusaga na kufunga injini za mitumbwi. Asubuhi unaweza kunikuta Buhongwa nimejaa unga, jioni niko Igombe miguu ikiwa majini. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo, ila adui wake ni mmoja, mtikisiko. Mashine inatetemeka kutwa, injini inatetemeka usiku kucha dagaa wakitafutwa, na kila kitu nilichofunga kinatafuta njia ya kufunguka.

Chukua bolti ya milimita 12, ile ya spana kumi na tisa. Watu wanaiona kama kigingi kilichopita kwenye matundu mawili ili vyuma visiachane. Bolti iliyokazwa vizuri inafanya kazi tofauti kabisa. Ukizungusha nati, shina la bolti linavutwa na kurefuka kidogo, na kwa kuwa linataka kurudi urefu wake wa mwanzo, linavigandamiza vile vyuma kimoja juu ya kingine. Mgandamizo huo ndio ninaouita mbano. Ni ule mpira wa tyubu wa kufungia mzigo kwenye bodaboda: ukiufunga bila kuuvuta, gunia litakuwa barabarani kabla hujafika Nyakato. Mpira unashika kwa sababu umevutwa. Chuma nacho kinavutika, ila jicho halioni.

Kinarefuka kiasi gani? Bolti hiyo ya 12, ikiwa ya daraja la 8.8 (namba ya ukali wa chuma, nitaieleza mbele) na ikakazwa inavyotakiwa, inabana kwa nguvu inayozidi kidogo kilonyutoni 36, yaani kama umeweka juu yake uzito wa tani 3 na nusu na ushee. Vyuma ulivyovibana vikiwa na unene wa milimita 50 kwa jumla, bolti imerefuka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ndio unene wa karatasi ya daftari. Tani 3 na nusu zote zinategemea karatasi moja.

Ukishalijua hilo, mambo mengi yanayowashangaza mafundi hayashangazi tena. Fremu imepigwa rangi mikono miwili, nati ikakazwa juu ya rangi. Baada ya siku chache za kutetemeka rangi inasagika na kutoka pembeni ya washa, kile kisahani cha chuma kilicho chini ya nati. Nusu ya karatasi ikitoka, nusu ya mbano imekwenda nayo, na nati haijazunguka hata nywele moja! Alama ya chaki uliyopiga iko palepale. Mwenye mashine anakuapia kwamba nati haijaguswa, na anasema kweli. Ndiyo maana mimi nakwangua rangi chini ya kila washa mpaka chuma king'ae, halafu napaka grisi kidogo pembeni kuzuia kutu. Inaniongezea muda wa kazi, na wateja wengine wanaona nawaharibia rangi yao.

Sasa ule mlio. Unapovuta spana, karibu nusu ya jitihada yako inaliwa na msuguano wa nati na washa, na asilimia 40 hivi inaliwa ndani ya uzi, yaani yale meno ya bolti na nati. Kinachobaki kuivuta bolti ni kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo bolti mbili zilizokazwa kwa nguvu ileile ya mkono, moja kavu yenye kutu na nyingine yenye grisi, zina mbano tofauti kabisa. Ile ya kutu italia vizuri sana na kubana vibaya sana. Mlio unakupa habari za msuguano, za mbano haukupi.

Bolti ya 12 ya daraja la 8.8 inataka kama nyutonimita 88, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Ukiwa na spana ya urefu wa sentimita 22, huko ni kuvuta kwa uzito wa kilo 40, jambo analoliweza mtu mzima yeyote bila bomba. Ukiongeza bomba mpini ukafika sentimita 60, mkono uleule unazaa karibu mara tatu, na bolti inavuka mpaka wake: inavutika bila kurudi, shina linakuwa jembamba karibu na uzi, na kesho au keshokutwa inakatika. Kwa bolti ya 6 hali ni mbaya zaidi, maana yenyewe inataka nyutonimita 10 hivi. Waliotengeneza spana ndogo zikawa fupi hawakuwa wanabania chuma.

Bolti yenyewe inajieleza kichwani, ukiwa na macho. Imeandikwa 8.8? Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 ndiyo nguvu ya kuikata, megapaskali 800 (nguvu kwa eneo la chuma), na namba ya pili inasema itaanza kuvutika bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hiyo. Ya 4.6 inakatika kwenye 400 na kuanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 60 yake. Ya 10.9 ni kali zaidi. Isiyo na namba yoyote mimi naihesabu dhaifu, muuzaji aseme atakavyo. Na nati nayo ina daraja lake: bolti ya 8.8 inataka nati yenye 8, vinginevyo bolti inabaki nzima na nati inakufa uzi.

Kuna mtego mwingine unaowatafuna vijana wanaoanza. Bolti ya 10 ya kawaida ya dukani ina hatua ya uzi, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1.5. Bolti nyingi za 10 zinazotoka kwenye magari ya Kijapani zina hatua ya 1.25, na kichwa chake ni spana kumi na nne. Ukiziweka mkononi ni zilezile. Nati inaingia mzunguko mmoja na nusu, inagoma, kijana anadhani ni uchafu, anatia bomba. Hapo zimekufa zote mbili. Na ukikutana na injini kuukuu ya Kiingereza, hesabu milimita zako uziweke kando kabisa: huenda uzi wake ni ule wa Joseph Whitworth wa mwaka 1841, wenye pembe ya nyuzi 55, wakati wa milimita una nyuzi 60. Kipimo cha hatua ya uzi ni kidude cha bei ndogo chenye majani ya chuma yenye meno. Nunua.

Igombe ndiko nilikoanza kuyaelewa haya kwa upande wa mbao. Wale wazee wanaounda mitumbwi hawana bolti nyingi, wana misumari, na msumari uliopigwa tu unashika kwa msuguano peke yake. Tazama wanavyofanya. Mzee anapiga msumari mrefu kuvuka mbao mbili, ncha inatokea ndani. Msaidizi anakinga kichwa kwa nje na chuma kizito, mzee anaikunja ncha kwa nyundo, anairudisha ndani ya mbao ikikatiza nyuzi zake. Sasa msumari una kichwa huku na kulabu kule, na zile mbao katikati zimebanwa. Katikati ya ubao na ubao wanapigilia pamba kwa patasi butu na rungu, na pamba si kitu cha kutafuta mbali kwa Wasukuma. Nilimwuliza mzee mmoja, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, mbona mtumbwi mpya siku ya kwanza unaingiza maji namna ile. Alinitazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza wapi. "Mwache anywe kwanza. Akishakunywa atajikaza mwenyewe." Mbao zinavimba, pamba inasagwa katikati, maji yanakoma kuingia.

Mbao hiyohiyo inayojikaza yenyewe ndiyo inayonitesa nikifunga injini. Injini inakaa kwenye ubao wa tezi, nyuma ya mtumbwi, imeshikwa na skrubu mbili za kukaza kwa mkono, na zile kubwa zinaongezewa bolti zinazopenya ubao. Mtumbwi ukiwa majini ubao umevimba, kila kitu kimebana. Ukivutwa mchangani ukakaa juani siku tatu, ubao unasinyaa. Kumbuka ile karatasi moja. Ubao ukipungua milimita moja tu, hiyo ni karatasi kumi, na mbano wa bolti umekwisha mara nyingi kuliko unavyohitaji kwisha. Juu ya hapo, mbao inayokandamizwa muda mrefu inabonyea taratibu, hata kama haijakauka. Dawa ninayotumia ni bamba la chuma pande zote mbili za ubao, pana kadiri linavyoingia, ili nguvu isiuingie ubao kwenye duara dogo la washa. Kisha kukaza upya kila mtumbwi unaporudi majini, na kamba nzito kutoka kwenye injini hadi kwenye ubavu wa mtumbwi. Wavuvi wengine wanaona kamba ni mkosi. Bei ya injini ni mkosi mkubwa zaidi.

Ziwa hili letu, Victoria, lina historia ndefu ya vyombo vilivyokuja vipandevipande, na sijui kwa nini hatuisimulii zaidi. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, ufukweni mwa Ghuba ya Speke, na mashua yake Lady Alice ikiwa vichwani mwa wapagazi. Ilikuwa imeundwa Uingereza kwa sehemu tano, kila moja futi nane, na zilipofika Unguja zikaonekana nzito mno kubebeka, ikabidi seremala azigawe tena. Ikaunganishwa hapo Kageye, na mwezi Machi ikaanza kulizunguka ziwa. Ni watu wa pwani na wa bara walioibeba kwa miguu, na mashua yenye maungio yasiyofunguka isingefika popote.

Kisha zikaja meli. SS William Mackinnon ilitoka Paisley, Uskoti, kwenye karakana ya Bow, McLachlan. Utaratibu wa meli za namna hiyo unanifurahisha kama fundi: kule kwao walizifunga kwanza kwa bolti na nati, nzima, wakahakikisha kila tundu linaangaliana na mwenzake, wakaandika namba kila kipande, halafu wakafungua zote na kuzipakia. Mackinnon ilisafirishwa kabla reli haijafika ziwani, ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900, na reli yenyewe ikafika Kisumu Desemba 1901. MV Victoria, ambayo watu wa Mwanza na Bukoba hawahitaji kuelezwa, ilipita njia hiyohiyo: Yarrow wa Glasgow waliiunda, wakaivunja, ikaja kuunganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961.

Kwenye meli zile za mwanzo, baada ya bolti za muda walikuja na ribiti, kipande cha chuma chenye kichwa kisicho na uzi, na hapa mbano unarudi kwa mlango mwingine. Ribiti inatiwa motoni mpaka iwe nyekundu, inachomekwa kwenye tundu, na mkia wake unapondwa kwa nyundo ukawa kichwa cha pili. Ikipoa inataka kufupika, lakini vichwa viwili vinaizuia. Ndiyo hivyo inabaki imevutika maisha yake yote, ikivikandamiza vile vyuma. Hakuna aliyeikaza. Imejikaza kwa kupoa.

Meli ya sasa, MV Mwanza, iliyoshushwa majini hapa hapa Mwanza Kusini Februari 2023, yenye urefu wa mita 92.6, imechomelewa. Wala sina ugomvi na hilo. Kitu kisichotakiwa kufunguliwa, na kinachozuia maji yasiingie, kichomelee. Ugomvi wangu ni na fundi anayechomelea nati.

Ukivuka Kigongo kwenda Busisi kwa Daraja la JP Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, unapita juu ya jambo lilelile kwa kiwango kikubwa: nyaya za chuma zimevutwa, na zege limebanwa kwazo kabla gari lako halijafika, maana zege linavumilia kubanwa na halivumilii kuvutwa. Reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928 ndiyo inayokwenda kinyume. Pale pande mbili za reli zinapokutana kuna vibapa vya chuma na bolti, na matundu yameachiwa nafasi ili reli iteleze kidogo jua likiwaka. Ni moja ya sehemu chache ambapo ungio likibana mno ni kosa.

Turudi kwenye nati kulegea. Mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio jambo ambalo mafundi wengi bado hawajalisikia. Mtikisiko wa juu na chini hauifungui nati kirahisi. Kinachoifungua ni vyuma vilivyobanwa kuteleza ubavuni, huku na huku, hata kwa kiasi kidogo. Kila vinapoteleza, msuguano wa kwenye uzi unakatika kwa muda, na uzi ni mteremko, kwa hiyo nati inashuka kidogo. Mizunguko mia chache ya namna hiyo yatosha. Maana yake ni kwamba dawa ya kwanza ni kuzuia kuteleza, na kinachozuia kuteleza ni mbano wa kutosha.

Ile washa ya springi iliyokatwa upande mmoja, ambayo kila mtu anaiona ndiyo kinga, inalala bapa mapema kabla bolti haijafika hata karibu na mbano wake. Baada ya hapo ni washa ya kawaida yenye ufa. Kwenye mashine ya majaribio ya Junker haikusaidia. Nati yenye plastiki ndani ni afadhali, haitadondoka, ingawa mbano inaweza kuupoteza, na ukiitumia tena na tena plastiki inachoka. Nati mbili zinafanya kazi ukijua mpangilio: nyembamba inatangulia chini, nene inakuja juu, na ya chini inashikiliwa kwa spana wakati ya juu inakazwa. Karibu kila mahali ninapopita zimewekwa kinyume. Gundi ya uzi ni nzuri sana, ila uzi uwe safi bila mafuta, na ni nani mwenye uzi bila mafuta kwenye mashine ya kusaga?

Nilichojifunza kupenda kuliko vyote hivyo ni urefu. Kule Buhongwa kuna mama mwenye mashine ambaye bolti za mota yake zilikuwa zinalegea kila baada ya muda mfupi. Mguu wa mota ni milimita 10, fremu milimita 6. Jumla 16, kwa bolti ya 12. Bolti fupi namna hiyo inarefuka kama sehemu tatu za mia za milimita, kwa hiyo chembe ya rangi au ya unga inatosha kuimaliza. Matundu ya fremu nayo ni marefu, ili mota isogezwe kukaza mkanda, na washa nyembamba zilikuwa zimebonyea ndani ya yale matundu. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshauri nati zichomelewe.

Nilikata vipande vinne vya bomba nene, kila kimoja milimita 60, nikavivika chini ya fremu, nikaweka washa nene pande zote na bolti ndefu za 8.8. Sasa bolti ina zaidi ya milimita 76 za kuvutika, zaidi ya mara sita ya unene wake. Rangi ikisagika, unga ukitoka, bado kuna akiba. Watu wa fani hii wanapenda urefu usiopungua mara tano ya unene, na ukiangalia bolti za silinda hedi utaona kwa nini hazikuwa fupi tangu mwanzo.

Mama alikagua vile vipande, akauliza bei, akanyamaza kidogo.

"Fundi, si ungechomelea tu mara moja tukamaliza?"

"Mama, mkanda ukilegea utanipigia simu nije na gurinda kuzikata?"

"Nitakupigia. Kwani gurinda si la kwako?"

Hata hivyo alilipa. Siku ya pili nilirudi kuzikaza tena kidogo, kwa sababu vyuma vikikutana mara ya kwanza vile vidutu vya juu vinapondeka na mbano unashuka kiasi fulani, kazi ya nusu saa kwa bolti zote. Huo mzunguko wa pili naujumlisha kwenye bei ya mwanzo na kumwambia mteja mapema. Hawaamini. Wengi wanadhani nimerudi kutafuta soda.